Ukuta wa Depo ya Kahawa, Beni

Wiki iliyopita nilirudisha ufunguo wa bureau, ofisi yetu, na Muhindo, ambaye sasa anakalia kiti changu, alinifuata mpaka kwenye ngazi.

"Maman Masika, utuandikie hata kidogo tu," aliniambia. "Siye tunafungua programu, tunachora nyumba, tunapata rangi. Lakini zamani mulikuwa munafanya namna gani?"

Nimekubali. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. Mambo hayo yalikuwa madogo na hayamfundishi mtu kitu. Nitawaambia juu ya kuta, juu ya mtu aliyenifundisha kuta, na juu ya namna alivyofia ndani ya jengo ambalo mimi na yeye tulikuwa tumelichora pamoja.

Kwa atakayesoma bila kuijua kazi yenyewe: kampuni yetu ndogo ya hapa Butembo inaweka redio na antena ndani ya majengo. Mnara wa mlimani kila mtu anauona na kuuelewa. Ndani ya jengo ni habari nyingine. Mawimbi ya redio yakishaingia humo yanakutana na ukuta, ngazi, kabati la chuma, watu. Mengine yanapita yakiwa yamechoka. Mengine yanarudishwa. Mengine yanajipinda kwenye kona ya mlango na kuingia chumba ambacho hukuyategemea. Kwa hiyo kabla ya kutoboa nyumba ya mtu tunaichora kwenye kompyuta, tunaiambia mashine kila ukuta umejengwa kwa kitu gani, tunaweka antena ya uongo mahali fulani, halafu tunaiacha ihesabu. Inarusha mistari kila upande kutoka kwenye ile antena na kuufuata kila mmoja mpaka pale unapofia. Mwisho inapaka rangi. Nyekundu ni mahali utasikika vizuri, njano utasikika, buluu utarudia maneno mpaka uchoke, nyeusi utaongea peke yako.

Siku yangu ya kwanza sikuiona hiyo kompyuta. Nilikuwa nimetoka masomoni na diploma ya elektroniki, nimevaa viatu vya kisigino, nikiamini nitaonyeshwa meza yangu. Ingénieur Ilunga alinipokea mlangoni akanipa nyundo ndogo ya seremala.

Alikuwa Muluba wa Kasai, mrefu, mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata tulipokuwa Beni kwenye joto. Serikali ilimtuma huku akiwa kijana kushughulikia mitambo ya simu. Mitambo ikafa, serikali ikamsahau, naye akabaki. Alisomea Lubumbashi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa kule, na wauzaji wa soko walimtambua kabla hajamaliza salamu.

"Gonga pale," aliniambia. "Iko nini?"

"Ni ukuta, Ingénieur."

"Ukuta naona. Mu ndani yake iko nini?"

Sikujua. Asubuhi yote tuligonga nyumba nzima. Mbao zinajibu kwa sauti pana, matofali ya kuchoma yanajibu kavu, beton, yaani zege, haijibu kitu isipokuwa kukuumiza mkono. Tulipofika kwenye ukuta wa mwenye nyumba, alitoka na taulo mabegani kuuliza kama tumeanza kumbomolea. Ilunga alimsalimia kwa heshima zote, akagonga mara nyingine, akaniambia niandike: tofali bichi, limepakwa saruji juu. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa amewaambia wapangaji wote kwamba ni la kuchoma, hakutusemesha kwa muda mrefu.

Baadaye nilionyeshwa kompyuta. Ilikuwa nzito, ya mitumba, na ilikula umeme wa groupe, jenereta tuliyochangia na wenye kinu cha mihogo pembeni yetu. Wao wakimaliza kusaga wanazima, na hesabu yetu inakufa ikiwa katikati. Ilunga alijifunza kukata jengo vipande: leo ngazi na korido, kesho vyumba vya mbele. Wakati wa kungoja alikuwa akinichorea mistari kwa kalamu, mmoja mmoja, akipunguza wino kila mstari unapovuka ukuta. Mimi niliona anapoteza wakati. Sasa nikitazama jengo lolote naiona mistari ile, hata kanisani wakati wa mahubiri, na hiyo siwezi kuiita baraka.

Kesi za mwanzo zilitufundisha kwa kutuaibisha. Mfanyabiashara mmoja alitaka walinzi wa depo yake wasikilizane kwa redio. Tulipima, tukachora, tukaweka, kila kona ikaitika. Kabla wiki haijaisha alituita akiwa amekasirika, redio zimekuwa bubu. Tulikuta depo imejaa mabati mapya kutoka chini mpaka karibu na dari. Sisi tulikuwa tumechora depo tupu. Mara nyingine ilikuwa kanisa. Tulipima siku ya kazi, viti vikiwa vitupu, na Jumapili kipaza sauti cha padri kikaanza kukatika. Mwili wa mtu ni maji, na maji yanayanywa mawimbi. Ilunga alicheka mpaka akakaa chini. "Tulisahau kuchora bakristu," alisema. Tangu siku ile, kwenye kila fomu yetu kuna mstari unaouliza: jengo likijaa, linajaa nini? Msiufute huo mstari. Na kule Mutwanga, kwenye ofisi ya walinzi wa mbuga, tulifika kwa pikipiki chini ya mvua, mashine ya kupimia nimeifunga tumboni kama mtoto, tukakuta kuta za mawe ya mtoni ambazo programu yetu haikuwa na jina lake. Tulizipima kwa mkono, tukazipa jina sisi wenyewe.

Halafu Ebola ikafika Beni.

Sina haja ya kuwaeleza miezi ile, wengi wenu mlikuwa hapa. Hospitali moja ya Beni ilihitaji mahali pa kuwalaza wagonjwa mbali na wengine, na mahali palipopatikana ni depo ya zamani ya kahawa. Iligawanywa vyumba kwa haraka, korido moja katikati, madirisha madogo ya vioo upande wa uani. Wauguzi waliingia wamefunikwa kutoka kichwani mpaka vidoleni. Kuingia kulichukua muda, na kutoka kulichukua muda zaidi, kwa sababu ya kuoshwa kwa maji ya klori. Walipewa redio ndogo za mkononi wasilazimike kutoka kila wanapohitaji kitu. Vyumba vyote redio zilishika, isipokuwa cha mwisho.

Aliyetueleza alikuwa infirmière Kavugho, muuguzi, msichana wa Lubero mwenye sauti ya chini. Alikuwa ndani ya chumba kile mgonjwa wake alipoanguka kutoka kitandani. Hakuweza kumwinua peke yake. Aliita kwenye redio, akaita tena, hakuna aliyejibu. Alitoka kwenye korido kuita, akasikika, wenzake wakaanza kuvaa. Walipofika, yule mama alikuwa amekwisha, sakafuni.

"Nilikuwa naongea na mashine ya bure," Kavugho alisema. "Yeye alikuwa ananiangalia nikiongea."

Kulikuwa na shida nyingine. Familia zilikaa uani chini ya hema, zikitazama vile vioo. Mjini watu walikuwa wanasema kwamba anayeingia pale anauawa, anatolewa viungo. Mawe yalikuwa yamekwisha kutupwa kwenye gari la hospitali. Daktari mkuu alifikiri kwamba mgonjwa akiwa na redio kitandani, na familia ikiwa na nyingine chini ya hema, watu watasikia sauti ya mtu wao na mioyo itatulia. Lakini waliolala chumba cha mwisho ndio waliokuwa hoi kuliko wote, na ndio ambao familia zao zilikuwa na hasira zaidi.

Tulipanga nyumba ndogo Beni, mimi na Ilunga, tukachora lile jengo kutoka kwenye ramani tuliyopewa. Matofali ya kuchoma, unene wa kawaida. Mashine ilihesabu na kukipaka chumba cha mwisho njano. Yaani kwa kompyuta yetu, Kavugho alikuwa amesikika.

"Kompyuta inasema nasema uongo?" aliniuliza.

"Hapana," Ilunga alimjibu. "Inasema siye hatujue ukuta."

Hatukuruhusiwa kuingia vyumba vya wagonjwa. Tulitia mashine ya kupimia ndani ya mfuko wa plastiki, Kavugho akaenda nayo, akawa anatembea chumba kwa chumba na kutuonyesha namba kupitia kioo. Mlangoni namba ilikuwa nzuri. Hatua chache ndani, ikaanguka kana kwamba amefunga mlango wa gari. Ilunga alisimama nje ya kioo, sweta lake limelowa jasho, akamfanyia ishara ya kugonga ukuta. Kavugho aligonga kwa ngumi yenye glavu mbili. Hatukusikia kitu. Akagonga kwa kikombe cha bati, na hapo hata sisi tulisikia: ukuta uliita kama sufuria.

Tulimtafuta mzee mmoja aliyekuwa akipakia magunia pale zamani za kahawa. Alituambia bila kushangaa kwamba chumba kile ndicho walichoweka kahawa iliyokwisha kuchambuliwa, na kwa sababu ya panya mwenye depo alikipigilia mabati kuta zote, halafu miaka ikapita, mtu mwingine akapaka saruji juu. Hakuna ramani iliyokuwa na habari hiyo. Niliandika mabati mahali pa matofali, nikaiacha mashine ihesabu, na chumba cha mwisho kikawa cheusi kabisa. Nawaambieni, ni ajabu kufurahia rangi nyeusi. Tulifurahi.

Kubomoa ukuta haikuwezekana, watu walikuwa wamelala ndani. Tulijaribu kwenye kompyuta kila mahali pa kuweka antena ya pili. Uani, juu ya paa, kwenye korido: nyeusi. Ilibaki tundu la hewa juu ya mlango, ambalo mwenye depo hakulifunika. Tukipitisha waya pale na kuning'iniza antena ndogo upande wa ndani, chumba chote kilikuwa chekundu. Lakini antena ilitakiwa kufungwa na mtu aliye ndani, na aliye ndani alikuwa Kavugho, mwenye glavu mbili na kioo cha uso kilichojaa mvuke. Ilunga alimwelekeza kupitia dirisha kwa mikono. Mimi, nimevaa mavazi yao, nilisukuma waya kwa fimbo kutoka kwenye korido. Waya ulianguka, ukaanguka tena. Kupitia mlango nilimwona Kavugho akiegemeza paji la uso ukutani kwa uchovu, kisha akanyoosha mikono mara nyingine, na safari ile akakaza.

Wa kwanza kuongea alikuwa kijana mmoja wa Mbau, mkulima, ambaye mama yake alikuwa ameapa uani kwamba amekwisha kufa na wanamficha. Tulimpa mama ile redio, tukamwonyesha pa kubonyeza.

"Paluku," mama alisema, akitazama kile kidude kama kitamuuma. "Umekula?"

Sauti ikatoka, nyembamba lakini safi: "Nimekula, mama. Bananipatia bouillie, uji wao. Lakini haina sukari."

Chini ya hema watu walicheka. Sikuwa nimesikia kicheko mahali pale. Mama alikaa chini kwenye udongo, akaikumbatia redio, na tukapata kazi ya kumweleza kwamba akiibonyeza namna ile hawezi kumsikia mtoto. Paluku alikufa baadaye. Lakini mama yake aliongea naye mpaka siku ya mwisho, na siku ya mazishi hakuna jiwe lililotupwa. Ikiwa kuna kitu nimefanya katika kazi hii, ni kile.

Ilunga aliugua tulipokuwa tunajitayarisha kurudi Butembo. Jirani wa nyumba tuliyopanga alikuwa ameanguka njiani, na Ilunga, kabla mtu hajasema neno, alikuwa amekwisha kumbeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki. Yule jirani alikuwa na Ebola. Wachanjaji walipofika kwetu, Ilunga alikuwa na homa tayari. Nilikuwa nimekaa naye meza moja kila siku. Mimi sikuugua. Nimewahi kuuliza kwa nini, na madaktari walinipa majibu mazuri, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Walimlaza kwanza vyumba vya mbele. Alipozidiwa, walimhamishia cha mwisho.

Mkewe, maman Ngalula, alikuja kutoka Butembo, tukakaa wote chini ya hema. Siku za kwanza Ilunga alikuwa na maneno. Aliniita kwenye redio kunipima.

"Masika, unanisikia namna gani?"

"Vizuri, Ingénieur."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Bien. Kama bakikuambia antena ihame, ukatae. Hapana guse kitu."

Halafu maman Ngalula alichukua redio, wakaongea Kiluba chao cha Kasai, nami nikasogea mbali kidogo ingawa sikuelewa neno. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyelia mbele ya watu. Nilimwona akicheka mara moja. Sikumuuliza alichoambiwa.

Baadaye sauti ilipungua. Wakati mwingine alibonyeza bila kusema kitu, tukasikia pumzi tu, na Kavugho akimwambia anywe. Antena ilikuwa inafanya kazi yake vizuri sana. Tulisikia mpaka kijiko kwenye kikombe.

Watoto wao walikuwa wamebaki Butembo kwa jirani, na mdogo akapata malaria. Maman Ngalula alikwenda kumwona, akikusudia kulala huko mara moja tu. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na risasi barabarani na wanajeshi walifunga njia. Alinipigia simu kutoka kwenye kizuizi, mstari mrefu wa magari, kila mtu akipiga honi.

"Umuambie niko mu njia," alisema. "Umuambie anivumilie."

Nilikuwa bado nashika simu wakati redio ilipofunguka. Alikuwa Ilunga. Sauti ilikuwa chini lakini maneno yalikuwa mazima, yamefuatana, kama mtu aliyeyapanga kabla. Alikuwa anaongea Kiluba.

"Ingénieur, ni Masika," nilisema alipoachia kidole. "Maman Ngalula eko mu njia anakuya. Useme Kiswahili, nitamufikishia."

Hakunisikia, au alinisikia na hakujua tena mimi ni nani. Aliendelea Kiluba. Getini kulikuwa na mwanajeshi niliyemjua kwa salamu tu, mtu wa Mbuji-Mayi. Nilimpungia mkono, nikamwita kwa kelele, na muda wote nilikuwa nimeshika redio sikioni nikijaribu kuyashika yale maneno kama mtu anayekinga maji kwa vidole. Mwanajeshi alikuja mbio, bunduki ikimgonga mgongoni. Alipofika, redio ilikuwa imenyamaza. Aliichukua, akaongea kwa upole, lugha ile ile. Akangoja. Akaongea tena.

"Alisema nini?" aliniuliza.

Nilimwambia sauti nilizokumbuka. Alitikisa kichwa. Nikajaribu tena. Neno moja tu alilikamata.

"Shala," alisema. "Hiyo ni kubaki. Ubaki, ao baki. Ingine yote unaniambia, mama, haiko lugha."

Kavugho alitoka jioni, akaoshwa, akaja chini ya hema akiwa amevua yale mavazi ya kinga, uso wake umechorwa alama za miwani. Aliniambia kwamba Ilunga amefariki. Maman Ngalula alifika baada ya Ilunga kufungwa ndani ya mfuko. Hakuruhusiwa kumgusa. Ilunga alizikwa Beni siku iliyofuata na watu waliovaa mavazi ya plastiki, na sisi tulisimama mbali, na mimi nilimwambia mkewe pale pale makaburini, kwa sababu sikujua kama ningeweza baadaye.

"Aliongea wakati ulikuwa mu njia. Aliongea mingi. Nilishika neno moja. Shala."

Alinigeukia. "Moja tu?"

"Moja tu, maman. Ilikuwa inasikika vizuri. Ni miye sikujua lugha."

Aliitika kwa kichwa, akaenda kunawa mikono kwenye pipa la klori kama tulivyoamriwa wote.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya pale. Nimechora mahoteli, mashule, benki, mahema. Kompyuta zikawa nyepesi na za haraka, na ile kazi ya asubuhi nzima sasa mnaimaliza wakati chai inapoa. Bado niliwapa kila mmoja wenu nyundo siku ya kwanza, na najua mlinicheka. Depo ya kahawa iliachwa ugonjwa ulipokwisha, nikaenda kung'oa antena, kwa kuwa vifaa vilihitajika kwingine. Kavugho alihamia Oicha, na kwa muda mrefu sijapata habari zake. Halafu vita vikasogea kutoka kusini. Watu wa Kanyabayonga walikimbilia huku Butembo na magodoro yao, wakalala ndani ya shule ambayo nilikuwa nimeichora ikiwa na madawati. Nilipita pale siku moja nikaona moshi wa kupikia ukitoka darasani, nikajikuta nafikiria jengo likijaa, linajaa nini. Kazi hii inakufanya hivyo.

Maman Ngalula hakurudi Kasai. Kaka zake walimwita, walimtumia tiketi ya ndege, alikataa. Alibaki Butembo na watoto, akiuza unga wa mihogo, akiongea Kiswahili ambacho soko zima bado linakitambua kwamba ni cha mgeni. Vita vilipokaribia Lubero na waliokuwa na uwezo wakaanza kuondoka, kaka mkubwa alinipigia simu mimi. Alisema dada yake anawajibu kitu kimoja tu, kwamba mume wake alimwambia abaki, na kwamba shahidi ni mimi. Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nimekwisha kumuuliza mwalimu mmoja wa Kasai aliyetumwa huku, naye alinieleza kwamba neno lile ndilo wanaloagana nalo pia. Anayekwenda anamwambia anayebaki: shala bimpe, baki salama. Ni kwaheri tu. Mwanamke alikuwa anawakalisha watoto wake mbele ya vita kwa sababu ya neno ambalo huenda lilikuwa kwaheri, na mimi ndiye niliyempelekea likiwa peke yake, limekatwa mbele na nyuma.

Nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta unga. Nilimwambia yote, nikamwambia na kile alichosema mwalimu.

Aliweka ungo chini.

"Masika, miye ndiye Muluba," alisema. "Kila asubuhi akienda kazi na wewe alikuwa ananiambia shala bimpe. Unafikiri sijue?"

"Sasa juu ya nini unaambia bandugu zako alisema ubaki?"

"Juu bakaka yangu banasikiliza mwanaume. Mwanaume akiwa amekufa, banamusikiliza zaidi." Aliuchukua ungo tena. "Batoto, mukubwa ataenda na bengine Kisangani, nimepanga. Miye niko na mutu Beni. Nikienda Kasai, nani atafyeka kaburi lake?"

Watoto walikwenda. Yeye yupo.

Jumamosi iliyopita, siku chache baada ya kurudisha ufunguo, njia ilikuwa wazi tukapanda gari kwenda makaburini Beni, mimi na yeye, na mapanga mawili madogo ndani ya mfuko. Hatukuwa tumefika pale tangu risasi zilipoanza upya. Majani yalikuwa yametufika kiunoni. Alama za mbao zilikuwa zimeoza, nyingine zimeanguka, nyingine zimechukuliwa kuni, na rangi ya majina ilikuwa imeoshwa na mvua. Maman Ngalula alitembea polepole katikati ya safu, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akatazama mti, akatazama ukuta wa upande wa barabara. Kisha akapiga magoti mahali fulani.

"Hapa," alisema.

Nilitazama kushoto na kulia. Pote palifanana. Nikapiga magoti kando yake, nikachukua panga la pili, tukaanza kufyeka.